Linux iliyopikwa Nyashimo

Wengine mmenitumia meseji mnauliza projekti imefika wapi, wengine mnauliza kama huku kwetu kuna umeme. Projekti imesogea, na umeme upo ila una tabia zake. Leo naandika kwa kirefu kidogo, manake kuna kama watu watano darasani wenye bodi kama yangu na wote wamesema watasubiri chuo kifunguliwe ndio waanze, eti nyumbani hakuna intaneti ya maana. Ndiyo hoja ninayotaka kuibishia.

Kwa wasiopajua, Nyashimo ni makao makuu ya wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu. Ukitoka Mwanza kwenda Musoma unapita Magu, unafika kwetu, kisha Lamadi. Wazee bado wakiulizwa wanasema "sisi watu wa Magu", kwa sababu mpaka 2012 tulikuwa wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza, ndipo Simiyu ikazaliwa. Ziwa liko pua na mdomo. Watu wanalima pamba, mpunga, na karibu na maji wanalima mboga.

Hiyo mboga ndiyo iliyonileta hapa. Mjomba wangu alikuwa na bustani ya kabichi na nyanya upande wa ziwani. Mwaka 2020 maji yakapanda. Sio yeye tu, ziwa zima lilijaa: Mei 2020 kipimo cha Jinja kule Uganda kilisoma mita 13.42, kikapita rekodi ya 1964, na Mei 2024 likapanda tena zaidi ya hapo. Nusu ya bustani ikawa makazi ya kambale. Tangu hapo mjomba ana kijiti amekichimbia majini, kina alama alizochonga kwa panga, na ana daftari la shule la kurasa 96 ambamo kila asubuhi anaandika maji yamefika alama ipi. Kila asubuhi, jamani. Maji sasa yamerudi nyuma kiasi na anataka kujua kama apande tena sehemu ya chini au aiache. Mbegu na mbolea sio bure. Mimi nikasema projekti yangu ya mwaka wa mwisho itakuwa hiyo: kisanduku kinachopima kina cha maji chenyewe, kinahifadhi, na jioni kinamtumia meseji.

Msimamizi wangu alipoisikia akaniuliza swali moja tu: "Kwa nini Linux? Arduino si inatosha?" Swali la haki kabisa. Kwa kupima peke yake inatosha, tena inakula umeme kidogo. Ila mimi nataka kutumia modemu ya USB ambayo ilikuwa inazagaa ndani, nataka kamera ipige picha ya kijiti cha mjomba ili tulinganishe, na nataka vipimo vya miaka vikae ndani ya bodi vikiwa na tarehe. Hapo unahitaji mfumo endeshi. Ndivyo ilivyo hata kwenye ruta nyingi za wifi na visimbuzi vya televisheni, ndani kuna Linux ndogo inahangaika peke yake bila kibodi. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kule Nyeri, walitumia Raspberry Pi kurekodi sauti za ndege kwenye hifadhi yao. Kwa hiyo sio kwamba nimeota.

Swali la pili linakuja lenyewe: kwa nini usichukue Debian iliyo tayari ukaiweka kwenye memori kadi, kazi ikaisha? Ingewaka, sikatai. Lakini kisanduku kitakaa ziwani, betri yake ya sola itaisha siku za mawingu, kitazima ghafla mara mia. Mfumo unaoandika andika kwenye kadi kila dakika, ukizimwa hivyo, siku moja hauamki. Nilitaka kitu kidogo, chenye vitu ninavyovijua tu, ambacho sehemu yake kubwa ni ya kusoma bila kuandikwa. Kitu hicho hukipati dukani, unakijenga. Ndipo tunafika kwenye mada.

Bodi yangu ni BeagleBone Black, nimeinunua kwa pesa ya bumu kutoka kwa kaka mmoja aliyemaliza. Prosesa yake ni ya ARM, GHz 1, na RAM ni MB 512. Mashine yangu ni kompyuta mpakato kuukuu yenye prosesa ya Intel. Hizi mbili hazizungumzi lugha moja. Programu ukiikompaili kawaida kwenye mpakato, inatoka ya Intel, bodi haiielewi hata herufi. Na kukompaili kerneli juu ya bodi yenyewe kwa RAM ile ni kujitafutia uzee. Kwa hiyo unahitaji kompaila inayokaa kwenye Intel lakini inatoa kitu cha ARM, pamoja na maktaba zake za C, na unatakiwa uhakikishe maktaba za mpakato hazichanganyikani na za bodi. Baada ya hapo unahitaji vitu vitatu: U-Boot ya kuamshia bodi, kerneli, na mfumo wa mafaili wenye programu zako. Ukivifunga pamoja kwenye memori kadi, umemaliza.

Kwa mkono vyote hivyo vinawezekana, lakini utazeeka. Kuna miradi miwili mikubwa inayokufanyia. Mmoja ni Yocto, ulianza 2010 chini ya Linux Foundation, viwanda vinaupenda. Ila ule unataka diski yenye nafasi ya zaidi ya GB 50 na RAM ya kueleweka. Mashine yangu ina RAM ya GB 4. Tuliangaliana tu na Yocto, kila mtu akaenda zake. Nikachukua Buildroot. Yenyewe ukiishusha haifiki MB 10, inatoa toleo jipya kila miezi mitatu, na lile la Februari ndilo linalotunzwa muda mrefu, kwa hiyo chukueni hilo.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo watu wa "nyumbani hakuna intaneti" wanapopotea. Hizo MB 10 ni kitabu cha mapishi tu, chakula chenyewe hakimo. Ukiandika make, inaanza kushusha kerneli (hiyo peke yake ni zaidi ya MB 100), U-Boot, maktaba, zana, kimoja kimoja kutoka kwenye seva zilizotapakaa duniani. Ukifanya hivyo kwa bando ya simu utalia. Lakini kuna amri inaitwa make source. Hiyo haikompaili chochote, inashusha tu kila kitu ulichochagua na kukiweka kwenye folda ya dl. Mimi wiki ya mwisho kabla ya kufunga chuo nilikaa maktaba usiku mbili, watu wakitazama muvi, mimi nashusha. Folda ikafika MB 700 na ushee. Nikashusha pia vitu vya Debian vinavyotakiwa kwenye mpakato: build-essential, libncurses-dev, bc, cpio, rsync, unzip, vyote nikavifunga humo humo.

Halafu nikazima wifi kabisa, nikajenga kuanzia sifuri nikiwa bado chuoni. Hii hatua msiiruke. Kama kuna kitu hakijashuka utakijua ukiwa bado na intaneti ya bure, sio ukiwa umeshashuka Nyashimo stendi na begi mgongoni.

Kuhusu kompaila, Buildroot inakupa njia mbili. Ama ikujengee kompaila kuanzia mwanzo, ama uchukue iliyokwisha jengwa. Bootlin, kampuni ya Ufaransa iliyokuwa ikiitwa Free Electrons mpaka 2018, wanatoa kompaila hizo bure, na somo lao zima la Linux ya bodi wameliweka wazi usome. Mimi nilichukua yao. Kuna jamaa watakwambia mwanaume anajenga kompaila yake mwenyewe. Sawa, na asage unga wake kwa jiwe. Kwa prosesa yangu ya kori mbili hilo lingekuwa saa nzima na zaidi kabla hata ya kugusa kerneli.

Na wale wa Windows mnaotaka kufanyia ndani ya WSL: Windows inaingiza njia zake kwenye PATH, zile zenye "Program Files" na nafasi katikati, na Buildroot ikiona nafasi kwenye PATH inagoma palepale. Zisafishe kwanza. Na msijengee kwenye diski ya C, jengeeni kwenye sehemu ya Linux yenyewe, kule kwingine ni polepole kama foleni ya Ubungo.

Basi nikafika nyumbani. Mashine juu ya meza ya kulia chakula, mimi nachagua vitu kwenye make menuconfig, ile skrini ya bluu yenye mabano. Mjomba akaja, akavuta stuli.

"Mjomba, hiyo mashine yako inafanya nini usiku wote huu? Inaandika yenyewe?"

Mfafanulie mtu kukompaili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili kitupu, kazi nzuri sana. Ila menyu za ofisini na mambo ya kompaila ni mbingu na ardhi. Nikamwambia, "Mjomba, inapika. Watu wameandika mapishi, mashine inayageuza kuwa chakula ambacho kale kabodi kanaweza kula." Akafikiri kidogo. "Na ukiivusha kabla haijaiva?" Nikamwambia haiwaki. Akaridhika kuliko walimu wengine.

Mama mdogo ndiye aliyekuwa na kesi ya msingi: luku. Anaona taa ya chaja inawaka tangu magharibi. Tukapiga hesabu naye kwenye simu yake. Chaja yangu ni wati 65, kwa saa tano ni kama wati-saa 325, haifiki hata nusu ya yuniti. Pasi yake ya wati 1000, dakika 20 tu za kunyoosha nguo za kanisani, inakula hiyo hiyo. Kimya kikatanda. Kaka zangu wadogo wakacheka, mimi sikucheka, ndiye anayepika.

Usiku wa kwanza, kerneli ikiwa katikati, umeme ukakatika. Betri ya mpakato wangu ilishakufa zamani, kwa hiyo ilizima kama taa. Umeme uliporudi saa kumi alfajiri nikawasha, nikaandika make tena nikijua itaendelea ilipoishia. Buildroot ni nzuri kwa hilo, inaweka alama kila kifurushi kikiisha, hairudii kilichokwisha. Lakini zikaanza kumwagika onyo: "Clock skew detected". Kumbe na ile betri ndogo ya ndani inayotunza saa nayo imekwisha, mashine imeamka ikidai tuko miaka mitatu nyuma. Make inafanya kazi kwa kulinganisha saa za mafaili: lipi jipya, lipi la zamani, lipi lirudiwe. Ikiona mafaili yametoka miaka mitatu mbele, inachanganyikiwa, inaruka yanayotakiwa na kurudia yasiyotakiwa. Dawa ni kuweka tarehe sahihi kwa kutazama simu kabla ya kugusa kitu chochote kingine. Nikaweka, onyo zikaisha.

Bado ikagoma, safari hii inasema faili limekatika, halitambuliki. Hilo lilikuwa limeandikwa nusu umeme ulipoondoka. Hapo usianze kutafuta faili moja kati ya maelfu. Andika make linux-dirclean, inafuta kerneli peke yake iliyojengwa nusu, vingine vyote vinabaki, halafu make tena. Saa mbili na dakika kadhaa. Nikaenda kula michembe kwa karanga.

Ila lile suala la tarehe halikunitoka kichwani siku nzima, kwa sababu BeagleBone Black nayo haina betri ya kutunza saa. Ikizimwa inasahau. Fikiria kisanduku kimezima ziwani usiku wa mawingu, kimeamka, kinaandika "maji yamepanda sentimita nne" na tarehe ya ajabu ajabu. Daftari la mjomba lina tarehe sahihi kila ukurasa. Kisanduku changu kingekuwa na aibu mbele ya kalamu ya Bic. Nikarudi kwenye menuconfig ya kerneli, nikawasha dereva wa saa inayoitwa DS3231, kichipu kidogo chenye betri ya sarafu, unakiunganisha kwa nyaya nne. Msimtafute kwa jina hilo, yuko ndani ya dereva anayeitwa rtc-ds1307. Kichipu chenyewe nitakinunua Mwanza.

Kitu kingine nilichokutana nacho huku ni modemu. Ukiichomeka kwenye Linux, kwanza inajifanya ni CD, ili Windows isome programu za kampuni. Mpaka uiamrishe ndipo inageuka modemu. Kifurushi cha kazi hiyo kinaitwa usb_modeswitch na hakikuwemo kwenye folda yangu ya dl. Nikatembea mpaka barabara kuu ambako mtandao unakamata vizuri, nikashusha kwa simu, chenyewe na maktaba yake ya USB havikufika MB moja. Bando la jero likabaki na salio. Hapo ndipo faida ya dl inapoonekana, mzigo mzito unabeba mara moja, baada ya hapo unaongeza chumvi tu.

Usiku wa tatu ikatoka sdcard.img. Nikaiandika kwenye memori kadi. Bodi haina skrini, kwa hiyo unaisikiliza kwa waya wa siriali: kadapta kadogo ka USB, nyaya tatu, ardhi kwa ardhi, ya kutuma kwa ya kupokea, ya kupokea kwa ya kutuma, spidi 115200. Angalieni adapta iwe ya volti 3.3. Ya volti 5 itakuunguzia bodi na bumu lijalo liko mbali. Nikabonyeza kale kaswichi ka kulazimisha iwake kutoka kwenye kadi, nikaweka umeme.

Mistari ikaanza kushuka. U-Boot, kisha kerneli, kisha ikasimama pale: "buildroot login:". Nikaandika root, haina nywila, ikanipokea. Mfumo mzima, kerneli na kila kitu, unaenea kwenye flashi ya mtoto wa sekondari na nafasi inabaki. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu kwa tochi. "Sasa inajua maji?" Nikamwambia bado, inajua kuamka tu. "Haya, kuamka ndio kwanza," akasema, akaenda kulala.

Kwa hiyo wadau msije mkasema nimemaliza. Haijapima hata sentimita moja. Kipima sauti cha kupimia maji kinatoa volti 5, lazima niipunguze kabla haijagusa bodi. Mawimbi nayo: jana tulishuka ziwani pamoja, nikamweleza kwamba maji yakichezacheza kipimo kitaruka ruka, nilipanga programu ichukue vipimo vingi na kuchagua cha katikati. Akasema, "Si uweke ndani ya bomba lenye matundu madogo? Mawimbi yatabaki nje." Niliangalia chini nikatoa daftari. Hiyo ndiyo njia wanayotumia wataalamu wa mito na maziwa duniani kote, na hajaisoma popote.

Amesema uamuzi wa bustani ya chini ataufanya mwisho wa mwezi, kwa daftari lake, kisanduku kiwe kimepona au hakijapona. Naona ni sawa. Mimi ninachotaka ni kwamba mpaka siku hiyo tuwe na angalau wiki mbili za vipimo vya pande zote mbili, tuone kama vinasema kitu kimoja. Kesho nadaka gari ya Mwanza asubuhi kufuata DS3231, bomba la inchi nne, na betri ya mpakato kama bei itaongeleka.

Na nyie watano, folda yangu ya dl pamoja na mafaili ya mipangilio nitawaletea chuo kikifunguliwa, ila mkitaka kuanza sasa na mko karibu na Mwanza, kesho mchana nipo mjini. Njooni na flashi ya GB 4 au zaidi. Iwe tupu, na isiwe na virusi tafadhali.